Shokapu za mbele zinagonga chini: zirekebishe bila kununua seti mpya

Mbele ikigonga kila unapoingia shimoni au kushika breki mteremkoni, dukani utaambiwa ununue seti nzima ya shokapu. Kwa pikipiki ya bodaboda ya cc 100 hadi 150, mara nyingi huko ni kutupa pesa.

Ndani ya kila mguu wa shokapu (wa kushoto na wa kulia), mzigo unabebwa na springi, oili inayopita kwenye matundu madogo, na hewa iliyofungiwa juu ya oili. Hewa watu huisahau, ilhali ndiyo inayozuia shokapu isifike mwisho: kadiri inavyobanwa ndivyo inavyosukuma. Oili ikipungua, hewa inapata nafasi kubwa na nguvu hiyo inapotea. Kwa hiyo fundi aanze na oili, springi baadaye.

Tafuta lita moja ya oili ya shokapu ya 10W. Ukiikosa, ATF, ile ya gia za otomatiki za magari, inafaa. Uwe pia na bomba la PVC, washa pana, rula, zipu tai, chupa mbili tupu za maji, na bomba la sindano la ml 50 au 60 kutoka duka la dawa za mifugo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni shokapu

Shika breki ya mbele, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Ukisikia mgongano shingoni, beringi za usukani zimelegea. Anza na hizo. Kisha pandisha mpira wa kuzuia vumbi, funga zipu tai kwenye bomba linalong'aa, iguse sili (mpira unaozuia oili isivuje), uendeshe njia yako ya kila siku. Zipu tai itabaki pale shokapu ilipofikia. Pima umbali wake kutoka kwenye sili kabla hujaikata.

Hatua ya 2: Pima inavyozama

Simamisha kwenye stendi kubwa, weka gogo chini ya injini ili tairi la mbele lining'inie. Pima bomba lililo nje, kutoka sili hadi kishikio cha juu yake. Shusha pikipiki, kaa kama unavyokaa kazini, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya safari nzima ya shokapu, yaani umbali wote inaoweza kushuka: kwa safari ya sm 12, ni sm 3 hadi 4. Ukipata sm 5 au zaidi, umeshapoteza safari hata kabla ya kukutana na shimo.

Hatua ya 3: Fungua na umwage

Legeza boliti ya kishikio cha juu, halafu legeza kofia za shokapu kidogo tu wakati miguu ingali imeshikwa chini. Ukisubiri hadi mguu uwe mkononi, utaishia kuubana kwenye vaisi na kulikwaruza bomba. Toa tairi na madigadi. Kama ni breki ya diski, ning'iniza kalipa (kibanio cha pedi za breki) kwa waya, isibebwe na hosi yake. Teremsha miguu kwa kuizungusha. Unapomalizia kofia, ikandamize kwa kiganja na uweke uso pembeni, maana springi inaisukuma.

Kila mguu uwe na chupa yake. Ziweke chupa sambamba uone: oili iliyochoka ni ya kijivu kama maji ya ugoro, na chini yake unga wa chuma unametameta. Chupa moja ikiwa pungufu sana, sili ya mguu huo ndiyo iliyovuja. Badilisha sili zote mbili. Pitisha ukucha kwenye bomba. Kutu inayokwaruza ukucha itakata sili mpya ndani ya muda mfupi, kwa hiyo isugue kwa msasa laini sana uliolowa oili.

Suuza ndani kwa mafuta ya taa, mwaga, acha mguu kichwa chini hadi ukauke. Springi ikiwa bado nje, bana shokapu hadi mwisho, upime ni bomba kiasi gani linabaki. Hapo ndipo mwisho halisi. Linganisha na zipu tai ilikofikia.

Hatua ya 4: Oili

Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Pampu polepole hadi uzito uwe sawa juu na chini, subiri dakika kumi mapovu yapande. Sasa bana shokapu hadi mwisho, ikiwa wima na bila springi, upime kutoka mdomo wa bomba hadi usoni mwa oili. Punguza nafasi hiyo kwa mm 10. Njia rahisi ni kuzidisha oili kidogo, kisha kufunga kijibomba kwenye sindano, kukiingiza hadi kipimo unachotaka na kufyonza ziada. Miguu yote miwili iwe sawa kabisa.

Usipandishe zaidi ya mm 20 kwa jumla. Oili haibanwi, ikijaa, sili ndizo zitakazotoka.

Na tafadhali, usiweke oili ya injini ya SAE 40 wala oili ya gia ya 90. Sijui nani aliyeanzisha hii. Oili nzito inapunguza kasi ya kushuka, haiongezi nguvu ya kubeba, na inachelewesha kurudi. Kwenye mashimo yaliyofuatana shokapu haijapanda kutoka la kwanza, la pili linaizamisha, la tatu inagonga.

Hatua ya 5: Bomba la PVC

Kama ilizama kupita kiasi, kata PVC ngumu ya sm 1 hadi 2, iingie bila kubana lakini isiwe nyembamba ikatumbukia ndani ya springi. Ikate mraba, weka washa kila upande, iweke juu ya springi. Haifanyi springi kuwa ngumu. Inainua mbele, ukapata safari zaidi.

Hatua ya 6: Springi, ikibidi

Kama bado inagonga, springi ni laini mno. Kuikata kunaifanya ngumu: yenye koili 40 ukitoa 4, inaongezeka ugumu kwa karibu asilimia 11. Pengo lijazwe kwa PVC. Kabla ya kushika grainda, jumlisha nafasi zilizo kati ya koili zitakazobaki. Jumla hiyo lazima izidi safari ya shokapu ukijumlisha na urefu ambao springi inabanwa unapofunga kofia. Isipozidi, koili zitagusana na utagonga chuma kwa chuma.

Unaporudisha, acha boliti za kubana ekseli na za madigadi zikiwa legevu, shika breki, dundisha mbele mara kadhaa, ndipo ukaze. Funga zipu tai mpya, pita njia ile ile na mzigo ule ule. Ikibaki sm 1 kabla ya mwisho uliopima, iache hivyo.