Kabla Hujafungua Nati: Maandalizi ya Kutafuta Tatizo la Mafuta kwenye Massey ya Zamani

Trekta likianza kukohoa katikati ya shamba, neno la kwanza utakalosikia ni kwamba injekta pampu, ile inayosukuma mafuta kwenye silinda, imekufa. Kwenye Massey Ferguson 135 na 240, zile zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, mara nyingi pampu haina kosa. Kosa liko kati ya tangi na pampu, na sehemu hiyo mwenye trekta anaweza kuipima mwenyewe kabla hajatoa hela kwa mtu. Massey 135 zilianza kuuzwa mwaka 1964, kwa hiyo mipira, washa na mifuniko yake imeshabadilishwa na mikono mingi, mingine ya haraka haraka.

Usisubiri mvua. Wiki za kwanza za msimu kila fundi wa pampu ana foleni, na trekta lililolala siku tano wakati wenzako wanapanda ni hasara isiyofidika. Lifanyie kazi wakati ardhi bado kavu, tena chini ya paa, maana upepo wa kiangazi hubeba vumbi na vumbi hilo litaingia popote utakapofungua. Kabla ya spana yoyote, osha: filta, fidi pampu (pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangi), injekta pampu na maungio yote ya paipu, kwa brashi na dizeli kidogo. Injini iwe imepoa. Maji baridi juu ya injekta pampu yenye moto huweza kuibana vyuma vya ndani, kwa sababu vimeachiana nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kwa kupangusia, tafuta kitambaa kisichoacha nyuzi. Tambara kuukuu la fulana halifai.

Spana ni za inchi. Skrubu za kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, mara nyingi ni 5/16 na nati za paipu za nozeli, zinazopulizia mafuta kwenye silinda, ni 5/8. Bahati nzuri spana ya milimita 8 na ya 16 hukaa karibu sawasawa. Ila ukilazimisha 13 kwenye nati ya nusu inchi itateleza na kuila kona, na nati iliyoliwa kona haikazi tena vizuri. Weka karibu washa mpya za shaba, filta ya CAV 296 pamoja na mipira yake yote ya kuzibia, klipu za paipu, dumu safi la lita tano, na mita moja ya mpira unaoonyesha ndani. Huo mpira na hilo dumu ndivyo vitakavyokuonyesha tatizo lilipo.

Sasa sikiliza ugonjwa kabla hujafungua chochote. Piga stata huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika kwenye silinda lakini hayawaki, kwa hiyo usihangaike na tangi. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki. Kama linawaka vizuri, linalima dakika ishirini, kisha linapungua nguvu na kuzima, halafu likipumzika linawaka tena, fungua kifuniko cha tangi palepale linapozimia. Ukisikia likivuta hewa kwa mluzi, tundu la kupumulia limezibwa na tope, na dawa yake ni waya mwembamba tu. Watu wamewahi kushusha pampu nzima kwa ajili ya tundu hilo.

Kifuniko kikiwa kizima, funga koki ya tangi, tundika dumu lenye dizeli safi juu ya injini, na uunge mpira wake moja kwa moja kwenye mlango wa kuingilia wa fidi pampu. Trekta likifanya kazi bila kusita, tatizo liko nyuma ya hapo: uchafu kwenye chujio la koki, paipu iliyobonyea, au muungio unaovuta upepo. Muungio wa upande huu huweza usidondoshe dizeli, ndiyo maana macho hayauoni. Unavuta hewa ndani, na dalili yake ni trekta linalosumbua kuwaka asubuhi. Likisita hata kwa dumu, hamishia ule mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na injekta pampu, uangalie kama kuna viputo vinavyopita. Viputo hivyo mara nyingi hutoka kwenye filta. Ukibadilisha filta, ingiza kidole kwenye mfereji wa kichwa chake, kwani mpira wa zamani wa kuzibia hubaki umenasa humo, mpya ukawekwa juu yake, na kuanzia siku hiyo filta haikai vizuri na inavuta upepo.

Vuta pia kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda na oili inanuka dizeli, mojawapo ya sababu ni kiwambo cha fidi pampu kilichopasuka, kinachomwaga mafuta ndani ya injini. Usiliwashe mpaka utengeneze hilo na kubadilisha oili.

Ukishafungua paipu au filta, hewa huingia, na kuitoa kuna mpangilio wake: kwanza skrubu ya filta, kisha ile ya ubavuni mwa injekta pampu, kisha ya juu yake, kila moja mpaka mafuta yatoke bila povu ndipo uikaze. Mkono wa fidi pampu, unaoubonyeza kusukuma mafuta, ukiwa mlegevu kama haufanyi kitu, usiilaumu fidi pampu. Kemu, kile chuma cha ndani ya injini kinachoiendesha, imesimama mahali inapoisukuma tayari. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Mwisho legeza nati mbili za paipu upande wa nozeli, vuta akseleta yote, hakikisha kizimio cha injini kiko mahali pa kuwaka, upige stata mpaka mafuta yatoke. Hapo betri dhaifu itakuangusha, kwa hiyo ichaji jana yake. Usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka kutoka nozeli. Yana msukumo wa kupenya ngozi, na jeraha la hivyo, hata likionekana dogo, ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Mafuta yenyewe yakague. Injekta pampu hii haina oili nyingine. Dizeli ndiyo inayoilainisha, na mafuta ya taa yakichanganywa huilainisha kidogo mno. Uchakachuaji huo ndio uliofanya Tanzania ipandishe ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Ukinunua kwa madumu, yaache yatulie usiku mzima na usimimine yale ya chini kabisa. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, kwani tangi tupu hukusanya unyevu usiku.

Ukishapima yote hayo na bado mafuta hayatoki kwenye paipu za nozeli, sasa ishushwe injekta pampu. Weka alama ya patasi mahali inapokutana na injini ili saa yake, yaani mpangilio wa wakati wa kupulizia mafuta, isipotee, ziba kila tundu kwa nailoni safi, na umuulize fundi kama ana mashine ya kuipimia kabla hujamkabidhi.