Kuandika vita kwa sauti ya mtoto, kama waandishi wa Kiarabu

Wengi wanaoiga hadithi za vita za Beirut au Baghdad hukwama mahali pamoja: wanamtwika mtoto kazi ya kuchekesha. Mtoto wa hadithi hizi hatanii. Anapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Kilichopinda ni dunia. Mtani msibani anajua mipaka anayoichezea. Mtoto huyu hajui kama kuna mipaka.

Mpe umri wa miaka 8 hadi 10. Mdogo zaidi hasomi vizuri. Akifika 13 wanamgambo wameshaanza kumtazama kwa jicho la kumpa bunduki, na hiyo ni hadithi nyingine.

Kisha tafuta kitu kimoja cha kushikika. Chukua Lebanon ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1975–1990. Kitambulisho kiliandikwa dhehebu la mwenye nacho, na watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa sababu ya neno hilo moja. Mkubwa akikiona anatetemeka. Mtoto wako aone tiketi: baba anacho cha dhehebu hili, jirani cha lile, basi wakiazimana, kila mmoja atavuka kwenda upande wa pili wa Beirut. Mwache apange zamu, Jumatatu baba, Jumanne jirani. Abishane na dada yake kuhusu picha, maana jirani ana masharubu na baba hana. Waamue baba aanze kufuga. Msomaji atacheka, halafu atajiuliza itakuwaje Jumatatu ikifika masharubu hayajakolea.

Kitu hicho kitokee mara tatu: kama kilivyo, ndani ya mpango wa mtoto, na mwisho mkononi mwa mwenye silaha. Mara ya tatu mtoto asieleze chochote. Maneno 1,500 hadi 2,000 yanatosha. Ukizidisha, sauti ya kitoto inachosha.

Ukimaliza rasimu, futa kila "niliogopa" na "nililia", uandike mikono yake ilikuwa inafanya nini. Futa pia majina ya vyama na lugha ya taarifa ya habari. Mtoto anawajua wanamgambo kwa viatu vyao, na kwa nani hugawa peremende.

Kosa baya kuliko yote ni kumcheka maiti. Cheka utaratibu unaomzunguka. Katika riwaya ya Khaled Khalifa ya mwaka 2016, ndugu watatu wa Syria wanasafirisha mwili wa baba yao kwenda kuuzika kijijini karibu na Aleppo. Kwenye kizuizi cha barabarani maiti inakamatwa, kwa kuwa marehemu bado anatafutwa na serikali. (Wana hao ni watu wazima, lakini somo ni lile lile: kichekesho ni faili, si baba.) Kwa upande wa watoto, soma Mazen Maarouf, Mpalestina aliyezaliwa Beirut, mshindi wa Tuzo ya Al-Multaqa ya hadithi fupi mwaka 2016.

Mwishowe msomee mtu kwa sauti. Kicheko kiwe kimekatika kabla ya theluthi ya mwisho. Akicheka hadi sentensi ya mwisho, rudi pale kitu kinapotokea mara ya tatu: huenda mwenye silaha umemfanya kikaragosi.