Somo: Kupanga vitufe vya simu ya mapokezi (simu za Yealink na seva ya simu ya FreePBX)

Mafundi wengi hupanga kila kitufe kuwa Speed Dial kwa sababu ni kazi nyepesi. Kitufe cha aina hiyo hupiga tu. Aliyekaa mapokezi anahitaji kujua, kabla hajahamisha simu ya mteja, kama mhasibu yuko huru au anaongea. Kazi hiyo ni ya BLF (Busy Lamp Field, kitufe chenye taa inayoonyesha hali ya simu ya mwingine): taa ikiwa ya kijani, yuko huru; ikiwa nyekundu iliyotulia, anaongea; ikiwa nyekundu inayomweka, simu yake inaita.

1. Bonyeza OK simu ikiwa haitumiki, uone anwani ya IP. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao huohuo, kisha ingia kama admin. Nywila ikiwa bado ni admin, ibadilishe kwanza.

2. Fungua Dsskey, halafu Line Key. Kitufe cha kwanza kiache kibaki Line, ndicho kinachobeba laini yako.

3. Kwenye kitufe kinachofuata, Type chagua BLF. Value andika namba ya ndani, mfano 102. Label andika "Uhasibu". Line chagua Line 1. Kwenye Extension andika ** na usiruke hapa hata kidogo: huo ndio msimbo wa FreePBX wa kudaka simu inayoita kwenye meza ya mwingine.

4. Bonyeza Confirm, kisha mwambie mwenye 102 anyanyue mkonga apige popote. Taa yako igeuke nyekundu.

Vipange kwa wingi wa simu, si kwa vyeo. Simu ya Yealink T46 ina vitufe 10 na kurasa tatu; idara inayotafutwa kutwa nzima ikae ukurasa wa kwanza, hata kama ni stoo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, taa haiwaki kabisa. Tunatumia Asterisk tupu (programu ya seva iliyo chini ya FreePBX), bila FreePBX yenyewe.
– Basi tatizo liko kwenye seva, simu haina kosa. FreePBX huandika hint (mstari unaoiambia seva ifuatilie hali ya namba fulani) yenyewe; wewe iandike kwa mkono ndani ya extensions.conf, kwenye muktadha ambao simu inaruhusiwa kuusoma:
exten => 102,hint,PJSIP/102
Pakia upya dialplan (mpango wa upigaji ulio kwenye faili hilo), kisha kwenye konsoli ya Asterisk andika core show hints uone kama 102 imeorodheshwa.

Nikibonyeza BLF nikiwa na mteja hewani, nataka niongee na bosi kwanza kabla sijamuunganisha. Inawezekana?
– Ndiyo, dada. Nenda Features, kisha Transfer, na kwenye Transfer Mode via Dsskey chagua Attended Transfer. Ukichagua Blind, mteja anarushwa moja kwa moja.

Kaka, nina simu nyingi, niingie moja moja?
– Hapana. Tumia faili la usanidi ambalo simu hulivuta zenyewe kutoka kwenye seva. Kitufe cha pili kinaandikwa hivi:
linekey.2.type = 16
linekey.2.value = 102
linekey.2.line = 1
linekey.2.extension = ** 
Namba 16 ni BLF, 13 ni Speed Dial.