Afadhali RAM mbili ndogo kuliko moja kubwa

Kama unachezea gemu kwenye kompyuta ya mtumba isiyo na kadi ya grafiki, zile za ofisini zinazouzwa Moi Avenue na Luthuli jijini Nairobi, usiweke kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) cha GB 8. Weka viwili vya GB 4. Nimecheza tangu enzi za CD na hili nimelijua majuzi tu, aibu yangu. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya mashine, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitisha data badala ya moja. Gemu iliyokuwa ikikwamakwama inalainika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwenye Windows, ufungue sehemu ya kumbukumbu uone nafasi ngapi za RAM zimetumika. Vipande viwe na ukubwa na kasi sawa. Bodi kuu ya kompyuta ikiwa na nafasi nne, mara nyingi za kutumia huwa ni ile ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Ukikosea, vyote viwili vinabanana njia moja na hujafanya kitu. Ukiwa na kadi kamili ya grafiki, tofauti ni ndogo. Laptopu yenye nafasi moja, sahau.