Kabla hujasaini fomu ya shule ya chata: namna ya kusoma matokeo yake hapa Ohio

Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba simu yangu haipumziki. Ni wazazi wa Columbus, wengi waliotoka Kivu, Burundi na kambi za Kigoma, na swali lao ni lilelile: "Kaka, wamepita mlangoni na karatasi. Shule mpya, basi bure, chakula bure, tableti kwa kila mtoto. Niandikishe?" Mimi kazi yangu ni kuunganisha familia na shule, na kwa miaka mingi nilijibu swali hilo vibaya. Nilikuwa nafungua ukurasa wa matokeo, natazama asilimia ya waliofaulu, nampa mzazi jibu. Mwaka mmoja nilimpeleka mama mmoja kwenye shule yenye ufaulu mzuri kuliko zote za karibu. Mwanawe alikaa miaka miwili, akatoka na Kiingereza kilekile alichoingia nacho. Tangu hapo nimebadilisha utaratibu, na ndio ninaouandika hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Shule ya chata ni shule ya umma. Inalipwa na kodi, haitozi karo, na haina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa sababu hajui Kiingereza. Waombaji wakizidi nafasi, wanapiga bahati nasibu. Tofauti yake na shule ya mtaa ni kwamba haiko chini ya wilaya ya shule. Inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba na mdhamini (sponsor), yaani taasisi inayoiruhusu na kuisimamia. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza ya shule hizi mwaka 1991, Ohio ikafuata 1997. Sheria ya Ohio inaziita "community schools", kwa hiyo ukitafuta neno "charter" kwenye tovuti ya jimbo unaweza kudhani hazipo.

Hatua ya 1: Pata jengo sahihi

Fungua reportcard.education.ohio.gov, andika jina la shule. Hapa ndipo wengi wanapotelea. Kampuni moja inaweza kuendesha shule tano mjini zenye majina yanayofanana, zikitofautiana neno moja la mwisho, na kila moja ina matokeo yake. Anayegawa karatasi mlangoni atakuonyesha nyota za ile inayong'aa. Muulize: "IRN ya jengo atakalosoma mwanangu ni ipi?" Ni namba ya tarakimu sita ambayo kila shule ya Ohio inayo. Tafuta kwa namba hiyo, si kwa jina.

Matokeo ya mwaka wa masomo hutoka katikati ya Septemba. Ukitafuta mwezi wa nane, unasoma ya mwaka wa nyuma yake, na si kosa. Ila uyafungue ya miaka mitatu uyaweke pamoja. Shule ndogo hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Darasa likiwa na watoto 12, mtoto mmoja tu aliyeumwa siku ya mtihani anabeba zaidi ya asilimia 8 za darasa zima.

Hatua ya 2: Ziangalie nyota za juu, uzipite

Tangu 2022 Ohio inatumia nyota 1 hadi 5 badala ya herufi. Wazazi wetu wakiona nyota 3 wanasikitika, kwa sababu kichwani wanazigeuza kuwa 60 kwa 100. Sivyo. Nyota 3 maana yake shule imefikia kiwango cha jimbo. Wala usitafute "shule ya ngapi kimkoa". Sisi tuliokulia kwenye orodha za shule kumi bora tunaitafuta orodha hiyo bila kujua, na kwa uchaguzi huu haitusaidii kitu.

Nyota ya jumla ni mchanganyiko. Sehemu mbili, Achievement (kiwango walichofikia) na Progress (ukuaji), zina uzito sawa, na kila moja ina uzito mara mbili ya zile nyingine kama usomaji wa madarasa ya mwanzo, kuhitimu, na Gap Closing (kuziba mapengo kati ya makundi ya watoto). Bonyeza kila sehemu peke yake.

Hatua ya 3: Usiamini asilimia ya waliofaulu peke yake

Ndani ya Achievement kuna namba inaitwa Performance Index. Inahesabiwa hivi: kila mtihani wa mtoto unapewa uzito kulingana na ngazi aliyofikia. Ngazi ya chini kabisa, Limited, inapata 0.3. Basic 0.6. Proficient, ambayo ndiyo kufaulu, 1.0. Accomplished 1.1, Advanced 1.2, na mtoto aliyerushwa juu ya gredi yake akafika Advanced anapata 1.3. Aliyetakiwa kufanya mtihani asiufanye anapata sifuri.

Chukua kalamu. Tuseme shule A ina mitihani 100: Advanced 10, Accomplished 15, Proficient 25, Basic 25, Limited 25. Hesabu: 12 + 16.5 + 25 + 15 + 7.5 = 76. Shule B nayo ina 100: Accomplished 5, Proficient 45, Basic 45, Limited 5. Hesabu: 5.5 + 45 + 27 + 1.5 = 79. Shule zote mbili zitatangaza kwamba nusu ya watoto wamefaulu, na hazitakuwa zimedanganya. Lakini kwenye shule A, robo ya watoto wako sakafuni kabisa. Kwenye B, waliofeli karibu wote wako mlangoni pa kufaulu. Kama mwanao ndio kwanza ameingia nchini na atakuwa miongoni mwa walio nyuma, unataka kujua walio nyuma wa shule hiyo wako umbali gani. Asilimia ya kufaulu haikwambii.

Kwa hiyo fungua mgawanyo wa ngazi, gredi kwa gredi, na jicho lako liende kwanza kwenye safu ya Limited.

Hatua ya 4: Ukuaji, na hapa kaa muda mrefu

Ufaulu unakuonyesha watoto wa aina gani wamo kwenye shule. Ukuaji unakuonyesha shule imewafanya nini. Shule iliyopokea watoto wanaosomewa vitabu tangu wakiwa na miezi sita itakuwa na ufaulu mkubwa hata walimu wakilala. Ile iliyopokea watoto waliokaa miaka minne kambini bila darasa la maana inaweza kuwa na ufaulu mdogo huku walimu wake wakifanya kazi ya ajabu.

Progress inamlinganisha mtoto na historia yake mwenyewe ya mitihani: je, amesonga kama ilivyotarajiwa, zaidi, au pungufu? Ukishuka chini utaona namba inayoweza kuwa chanya au hasi. Kati ya -2 na +2, chukulia kwamba shule imewapeleka watoto kama ilivyotarajiwa. Juu ya +2, kuna ushahidi kwamba imeongeza kitu. Chini ya -2, watoto wanapoteza nafasi waliyokuwa nayo. Angalia hisabati na kusoma, kila kimoja peke yake. Nimeona shule yenye +4 kwenye hisabati na -3 kwenye kusoma, na nyota ikazifunika zote mbili.

Mitihani ya jimbo inaanza gredi ya 3, kwa hiyo ukuaji unaanza kupimwa gredi ya 4. Shule mpya yenye chekechea hadi gredi ya 2 haina namba hii kabisa. Hiyo si sababu ya kuikataa, ila mwenye shule asikuambie "matokeo yetu ni mazuri", kwa sababu kwenye mitihani ya jimbo bado hana matokeo.

Ile shule niliyomponza nayo yule mama? Ufaulu wake ulikuwa juu, ukuaji wake ulikuwa hasi miaka miwili mfululizo. Vyote viwili vilikuwa kwenye ukurasa uleule. Sikubonyeza.

Hatua ya 5: Tafuta watoto wanaofanana na wako

Watoto wanaojifunza Kiingereza hufanya mtihani wa kila mwaka uitwao OELPA, unaopima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Matokeo ni ngazi tatu: Emerging kwa anayeanza, Progressing kwa aliyeko njiani, Proficient kwa anayeruhusiwa kutoka kwenye huduma hiyo. Kwenye sehemu ya Gap Closing utaona kama shule imefikia lengo la watoto hao kusonga mbele. Kwa familia nyingi ninazozisaidia, huu ndio mstari ninaoutazama mapema kuliko ufaulu wa jumla.

Sehemu hiyohiyo ina utoro sugu, yaani watoto waliokosa asilimia 10 au zaidi ya muda wa masomo. Utoro ukiwa mkubwa, uliza habari za basi. Mara nyingi jibu liko hapo, na mtoto asiyefika shuleni haumsaidii ubora wa mwalimu.

Kundi likiwa chini ya watoto 10, jimbo linaficha matokeo yake ili mtoto asitambulike. Usione pengo ukadhani ni sifuri. Lakini pengo lenyewe linakwambia kitu: mwanao atakuwa mmoja wa wachache wanaojifunza Kiingereza pale, basi uliza kama kuna mwalimu wa kazi hiyo au ni mtu anayekuja Jumanne tu.

Hatua ya 6: Linganisha na shule ambayo kweli angekwenda

Usilinganishe na shule za vitongoji kama Dublin au Upper Arlington, kwenye nyumba za mamilioni. Linganisha na shule ya wilaya anayopangiwa mtoto kwa anwani yenu, na chata nyingine moja au mbili ambazo basi linafika. Andika kwenye karatasi moja: ukuaji wa kusoma, ukuaji wa hisabati, Limited, OELPA, utoro. Safu tatu au nne, moja kwa kila shule, basi.

Utaona pia asilimia ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Usiiamini sana namba hii. Shule inayotoa chakula bure kwa wote inaweza kuandikwa 100, kwa hiyo shule mbili zenye 100 zinaweza kuwa na watoto wa hali tofauti sana.

Na chata za mtandaoni? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwenye utafiti wao wa nchi nzima wa 2023, walikuta wanafunzi wa chata kwa wastani wako mbele kidogo ya wenzao wa shule za kawaida, lakini wale wa chata za mtandaoni wako nyuma sana, hasa kwenye hisabati. Hapa Columbus tunaikumbuka ECOT, shule ya mtandaoni iliyofungwa Januari 2018, katikati ya mwaka, ikaacha watoto kama 12,000 wakitafuta pa kwenda.

Hatua ya 7: Mkague mdhamini

Hii ni fupi. Jina la mdhamini uliza shuleni au litafute kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Jimbo linawapima wadhamini pia, kuanzia Exemplary (mfano wa kuigwa) hadi Poor (mbovu). Ohio ina sheria ya kufunga chata zinazoendelea kufanya vibaya, kwa hiyo shule yenye nyota 1 miaka mfululizo inaweza isiwepo mwanao akiwa gredi ya 5.

Kama mtoto wako ana miaka 16 au 17 na ndio kwanza amefika, anaweza kuelekezwa kwenye chata za vijana walioacha au walio karibu kuacha shule. Hizo zina kadi zake tofauti za matokeo, zenye vigezo vyepesi zaidi. Usisome "Meets Standards" (imefikia viwango) ya huko kama nyota 3 za huku.

Hatua ya 8: Nenda ukaulize

Omba mkalimani. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuongea nawe kwa lugha unayoielewa, na si kazi ya mwanao wa miaka tisa kukutafsiria. Mimi huuliza haya, kwa mpangilio huu:

- Walimu wangapi wa mwaka jana wamerudi mwaka huu?
- Watoto wangapi waliandikishwa Septemba, na wangapi walikuwepo Mei?
- Mtoto aliyeingia akiwa Emerging miaka mitatu iliyopita, sasa yuko wapi?
- Mkutano ujao wa bodi ni lini? (Ni wa wazi, unaruhusiwa kuingia ukakaa.)

Swali la pili ndilo linalowatoa jasho. Watoto wakiondoka wengi kabla ya mitihani ya masika, matokeo unayoyasoma ni ya waliobaki.

Mwaka jana nilikwenda na baba mmoja kutoka Uvira kwenye shule yenye nyota 3 ambayo alikuwa ameshaikataa kwa sababu ya zile nyota. Ukuaji wa kusoma ulikuwa chanya, Limited ilikuwa imepungua miaka mitatu mfululizo. Alipouliza swali la tatu, mwalimu mkuu hakujibu kwa maneno. Alimwita mwalimu wa Kiingereza, naye akaja na daftari lenye orodha ya watoto na ngazi zao tangu walipoingia, majina akiyafunika kwa mkono. Mzee yule alinyoosha kidole kwenye safu ya mwisho, akahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, hadi kumi na saba. Kisha akaniambia nimwombee fomu.