Jinsi ya kuandika kumbukumbu zako za miezi ya kwanza ya korona

Usianzie kichwani. Anzia kwenye simu.

Mimi nilianzia kichwani nikapoteza majuma mawili. Nilitaka kuiandika ile nusu ya kwanza ya mwaka 2020 ili mwanangu, aliyekuwa na miaka miwili wakati huo, aje aisome akikua. Nikajaza kurasa saba: tulivyovaa barakoa tangu mwanzo, nilivyong'amua mapema kuwa jambo ni zito, shangazi yangu alivyofariki tukiwa tumeshazoea kuishi kwa tahadhari. Kisha nikafungua picha za zamani nitafute moja ya kuambatanisha. Picha ya kwanza ya mtu wa nyumbani kwetu akiwa na barakoa ni ya tarehe 9 Mei. Shangazi alifariki tarehe 2 Aprili. Nilizichana zile kurasa, maana zilimhusu mtu mwerevu ambaye hakuwa mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari, si karatasi mojamoja, na ugawe kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni kilichotokea nyumbani au kazini siku hiyo. Ya tatu ni ulichoamini siku hiyo. Safu hii ya tatu ndiyo itakayokutoa jasho, na bila hiyo utakuwa umeandika ratiba tu. Anza na tarehe 1 Januari 2020, hata kama siku hiyo huna cha kuandika kuhusu ugonjwa. Acha mistari mitupu. Mimi nina kurasa mbili nzima za Januari zenye harusi ya rafiki, mafua ya mtoto na bomba lililopasuka, na leo nikizitazama naziona kuwa sehemu ya habari yenyewe.

Pitia picha zote za simu kwa mpangilio wa tarehe, kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni. Usizipe umuhimu picha za kupozi. Zinazosema kweli ni zile za skrini: tangazo ulilolihifadhi, jedwali la wagonjwa, ujumbe ulioletewa na mtu. Kwangu niliikuta picha ya ule ujumbe uliokuwa ukisambaa mwezi Machi, kwamba ukiweza kuzuia pumzi kwa sekunde kumi bila kukohoa basi huna virusi. Haikuwa kweli, mtu anaweza kuwa na virusi na bado akaizuia pumzi vizuri sana. Nilikuwa nimewatumia ndugu kumi na mmoja na kuongeza maneno yangu: "Hakikisheni mnajipima kila asubuhi." Niliandika vyote kwenye safu ya tatu, pamoja na idadi ya watu. Nawe usijifiche. Msomaji wako atakuamini kwenye mengine kwa sababu ya hayo.

Kisha ingia kwenye jumbe. Tafuta kwa maneno: korona, virusi, kikohozi, barakoa, homa, "kaa nyumbani". Utaona kwamba neno lenyewe linabadilika kadiri miezi inavyokwenda. Jina rasmi la ugonjwa, COVID-19, lilitangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 11 Februari 2020, kwa hiyo jumbe zangu za Januari zinasema "ule ugonjwa wa China", na za mwisho wa Februari ndipo zinaanza kusema korona. UVIKO-19, jina lake la Kiswahili, kwangu halionekani hadi baadaye sana. Ukinakili, nakili jina lililotumika siku hiyo. Ukilisawazisha, unafuta umbali tuliokuwa tunadhani upo kati yetu na ugonjwa.

Jumbe za sauti zisikilize hadi mwisho. Usiandike maneno peke yake. Andika na kinachosikika nyuma. Katika sauti moja ya mama ya tarehe 25 Machi hakuna hata gari moja linalopita, na nyumba yake iko kando ya barabara kubwa. Nilikuwa nimeisahau kabisa ile barabara kunyamaza. Ukimaliza, zihamishe sauti hizo kwenye kompyuta au diski ya nje siku hiyohiyo. Simu hufa.

Hadi hapo usiguse historia ya dunia. Nakusihi, jaza kwanza ya nyumbani, la sivyo utaanza kuyapinda yaliyokupata ili yaendane na tarehe kubwa. Safu zikishajaa ndipo chukua kalamu ya rangi nyingine uweke vigingi, yaani tarehe kubwa za dunia. Mimi niliweka vichache. Tarehe 31 Desemba 2019, Shirika la Afya Duniani kupata habari za nimonia isiyoeleweka Wuhan. Tarehe 23 Januari, mji huo kufungwa. Tarehe 30 Januari, kutangazwa dharura ya afya ya kimataifa. Tarehe 11 Machi, Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, kusema kwamba huu sasa ni ugonjwa wa dunia nzima, wakati kulikuwa na wagonjwa zaidi ya 118,000 katika nchi 114 na vifo 4,291. Tarehe 24 Machi, Olimpiki ya Tokyo kuahirishwa. Tarehe 5 Juni, Shirika la Afya Duniani kuzishauri serikali zihimize watu wavae barakoa za kitambaa pale wasipoweza kukaa mbalimbali. Hiki cha mwisho kilinieleza picha yangu ya Mei: hadi mapema Aprili shirika hilohilo lilikuwa likisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kwamba barakoa zinamkinga mtu mzima wa afya mtaani.

Kigingi kinaweza kufungua ujumbe uliolala miaka. Dada yangu aliniandikia tarehe 19 Machi: "Leo nimefua nguo zote, sisikii hata harufu ya sabuni." Nilimjibu kwa kucheka. Uingereza iliiongeza hali ya kupoteza harufu kwenye orodha yake rasmi ya dalili tarehe 18 Mei, miezi miwili baadaye. Dada hakuwahi kupimwa, na siwezi kuandika kwamba alikuwa na korona. Niliandika ujumbe wake, jibu langu na kigingi, basi.

Ukienda kuwahoji watu, usiulize "Unakumbuka nini kuhusu korona?" Utajibiwa taarifa ya habari. Uliza kuhusu mikono: ulikuwa unaogopa kugusa nini? Mama alijibu papo hapo. Kila mfuko ulioingia nyumbani aliuweka kando ya mlango siku tatu. Siku tatu hizo hakuzitunga. Katikati ya Machi wanasayansi walichapisha utafiti wa maabara uliogundua kwamba virusi vinaweza kudumu hadi saa 72 juu ya plastiki, na saa 24 juu ya boksi. Baadaye ikabainika kwamba hatari kubwa ilikuwa hewa tunayovuta pamoja, wala si mifuko. Lakini mama alikuwa akifuata lililojulikana wakati ule, na nilimwomba radhi kwa jinsi nilivyomsema siku moja kwenye simu.

Kwa waliofanya kazi wodini, nenda taratibu. Binamu yangu ni nesi. Alisema sentensi tatu, akanyamaza, nami nikafunga daftari. Alinipigia mwenyewe baada ya miezi minne. Hizo sentensi tatu nimeziacha kama zilivyo, pamoja na tarehe ya siku aliyonyamaza.

Sasa la shangazi, kwa sababu wengi mtakaofanya kazi hii mna mtu wa namna hiyo. Hakufa kwa korona. Alikuwa mgonjwa wa figo kwa miaka. Sikwenda kumzika. Niliangalia kwenye simu, picha ikakatika kabla jeneza halijateremshwa, na kwa miaka nilijiambia kwamba niliogopa tu, kwamba mtu mwenye moyo angekwenda. Nilipofika safu ya tarehe 2 Aprili nilikuta ujumbe wangu mwenyewe kwa dada, wa saa kumi na moja alfajiri: "Leo siku ya tatu nakohoa. Nisije nikawaletea wazee." Kikohozi hicho kilikuwa kimenitoka akilini kabisa. Niliusoma ujumbe huo mara nyingi, kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu afariki. Kama una siku unayoikwepa, ifikie kwa mpangilio wa tarehe kama siku nyingine, na kusiwe na shughuli nyingine jioni hiyo.

Unapogeuza daftari kuwa maandishi, lichunge neno "kumbe". Kila "kumbe" ni wewe wa leo unayemkatiza wewe wa wakati ule. Vilevile "tungalijua" na "laiti". Nilizitafuta zote kwenye rasimu, nikazikuta thelathini na nne, nikazihamishia sura ya mwisho inayoitwa "Nilichojua baadaye". Sura za mwanzo zikabaki na watu wanaonawa mikono kwa sekunde ishirini wakihesabu kwa sauti, wasiojua kama ni wiki mbili au miaka miwili.

Chapisha nakala mbili, uzihifadhi nyumba mbili tofauti. Tarehe ziandike kwa jina la mwezi; 03/04 itamchanganya msomaji.

Mwisho uchague mwenyewe. Dharura ya kimataifa ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, lakini simulizi yako haina lazima ya kungoja hapo. Yangu inaishia tarehe 9 Mei 2020, kwenye picha ile: mwanangu yuko mapajani mwa mama, amekamata ukingo wa barakoa yake kwa mikono miwili, anaivuta ili aone ni nani.