Umeacha chesi miaka mingi na unataka kurudi klabu hapa Nairobi? Anza na saa

Kama ulikuwa unacheza chesi vizuri ukiwa chuo ama kwenye kazi yako ya kwanza, halafu maisha yakaingia, ndoa, watoto, mkopo, na siku hizi ukipita mahali watu wameinamia ubao unasimama tu unaangalia mpaka unachelewa ulikokuwa unaenda, basi hii nimekuandikia wewe. Mi nilikaa nje miaka 11. Nilirudi vibaya kabisa mara ya kwanza, nikarudi tena vizuri mara ya pili, na tofauti ya hizo mara mbili ndio nataka kukueleza kwa sababu ingeniokolea karibu mwaka mzima kama mtu angeniambia.

Mara ya kwanza nilifikiri kitu nimepoteza ni ufunguzi. Nikakaa miezi miwili na video za YouTube nikikariri Najdorf, ufunguzi mmoja wa nyeusi dhidi ya e4, muvu kumi na tano, ishirini, kila usiku watoto wakilala. Tonamenti ya kwanza, raundi ya kwanza, nimepewa nyeusi na msichana wa shule, anafungua na poni e4 (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao), nacheza c5 roho ikiwa juu, yeye anasukuma poni c3. Muvu ya pili tu, Najdorf haitokei tena, na ile kazi yote ya miezi miwili imeisha hapo. Lakini hata hiyo sio iliyoniua. Nilitoka kwa ufunguzi nikiwa sawa, ngome zangu zimekaa poa, na ilipofika muvu ya 18 nikaangalia saa nikaona nimebaki na dakika 14 na yeye ako na 50. Kutoka hapo nilicheza kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho, nikapeana farasi bure, kwisha.

Kwa hivyo ukweli niliojifunza ni huu: ufahamu wa chesi haupotei sana. Ukiona pini, kipande kisichoweza kusogea bila kufichua kilicho nyuma yake, unaijua, ukiona chekimeti ya mstari wa nyuma unaijua, hizo zimekaa ndani kama kuendesha baiskeli. Kinachoondoka ni uwezo wa kuketi masaa matatu ukifikiria kitu kimoja, na kujua muvu hii inastahili dakika mbili na ile inastahili dakika kumi na mbili. Miaka hiyo yote ulikuwa unafanya kazi huku simu inalia kila dakika tano, akili imezoea hivyo, na ubao hautakuhurumia.

Hebu piga hesabu. Gemu ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kila muvu, ikifika muvu ya 60 kila mchezaji amepata masaa mawili, yaani mnaweza kukaa hapo hata masaa manne mazima. Zile za wikendi mara nyingi ni fupi kidogo lakini unaweza kucheza raundi tatu siku moja, na ile ya tatu inaanza jioni wakati kichwa kimeshachemka. Hapo ndio watu wanaorudi wanaangukia, hata dhidi ya mtu wanayemzidi ufahamu.

Sasa cha kufanya. Jipe wiki sita kabla ya kujiandikisha popote. Nunua ubao wa kweli, ule wa kukunja kama mkeka unatosha, kwa sababu macho yaliyozoea skrini yanaona tofauti kabisa na macho yanayoangalia vipande vimesimama, utashangaa vile bishopu ya pembeni inajificha. Kila wiki cheza angalau gemu moja ndefu, na ikiwezekana mbili. Kama huna mtu wa kucheza naye ana kwa ana ingia tovuti ya Lichess, ni ya bure, chagua 30+20, yaani dakika 30 na nyongeza ya sekunde 20 kila muvu, halafu panga kila muvu kwenye ubao wako mbele yako na ufikirie ukiangalia ubao, laptopu iwe tu ya kupokea na kutuma muvu. Simu iache chumba kingine. Waambie watu wa nyumbani saa mbili zijazo hupatikani, na utafute muda ambao unawezekana kweli, mi yangu ni Jumamosi alfajiri saa kumi na moja kabla mtu yeyote hajaamka, kwa sababu nilijaribu jioni na haikufanya kazi hata wiki moja.

Na andika. Hii naomba uichukue kwa uzito. Nakili kila muvu kwa karatasi kana kwamba uko tonamenti na pembeni ya kila muvu andika dakika zilizobaki kwenye saa yako. Sheria zinakuruhusu kufanya hivyo hata kwenye gemu rasmi, karatasi ni ya kuandika muvu, muda kwenye saa, na ofa za droo. Baada ya gemu nne tano utaona mchoro wako. Mi nilikuwa napoteza dakika 15 au 20 kila mara kati ya muvu ya 10 na ya 14, mahali ambapo kusema kweli muvu tatu zote zilikuwa sawa na nilikuwa naogopa tu kuchagua. Nikajiwekea sheria, kama hakuna kitu kinaliwa na hakuna tishio, dakika nne zikifika nacheza ile ninayoipenda. Hiyo peke yake ilinipa pointi nyingi kuliko Najdorf yote.

Mafumbo ya chesi fanya, dakika 20 kwa siku, kwenye matatu ukienda job ni sawa kabisa, jam ya Thika Road ina faida hapo. Lakini fanya yale rahisi ya muvu mbili tatu na uhesabu mpaka mwisho kabla kidole hakijagusa kitu. Gemu za dakika 3 kwenye simu ziache kwa hizo wiki sita. Najua ni tamu, najua unasema ni za kupasha misuli, lakini zinafundisha mkono kutangulia macho na wewe unajaribu kufundisha kinyume.

Ufunguzi usihangaike. Rudia ule uliokuwa ukicheza zamani, hata kama vijana wanasema umepitwa, kwa sababu unakumbuka vipande vinakaa wapi. Kitu kimoja tu kimebadilika sana na utakutana nacho wiki ya kwanza: watoto wengi siku hizi wakiwa na nyeupe wanacheza London, d4 halafu bishopu f4, gemu baada ya gemu. Jiandae na jibu moja, c5 mapema na malkia aende b6, kwa sababu ile bishopu ikishatoka c1 poni ya b2 haina mlinzi tena. Inatosha kwa kuanzia. Muda uliobaki peleka mwisho wa gemu: mfalme na poni dhidi ya mfalme, mpaka uweze ukiwa na usingizi, na zile nafasi mbili za ngome, Lucena ya kushinda na Philidor ya kuokoa droo. Ukiwa upande unaojilinda, ngome yako kaa nayo mstari wa mlalo ulio mbele ya poni ya mpinzani umzuie mfalme wake kupanda, na dakika ile poni inapoingia kwa huo mstari shuka na ngome mpaka nyuma kabisa uanze kumpiga cheki kutoka mbali. Nimeokoa nusu pointi mbili hivyo na zote mbili mpinzani alikuwa mkali kuliko mimi.

Kuhusu retingi. Kama uliwahi kuwa na retingi, ile namba ya kupima nguvu yako, ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, nambari yako ya FIDE bado ni ile ile, tafuta jina lako kwenye tovuti yao. Utaonekana umeandikwa si mchezaji hai kwa sababu mwaka ukipita bila gemu ya retingi wanakuweka hivyo, lakini retingi haijafutwa, ukicheza tena unarudi. Na usishtuke ukikuta namba imepanda. Machi 2024 FIDE waliinua retingi za gemu ndefu za walio chini ya 2000, walichukua tofauti yako na 2000 wakakuongezea asilimia 40 yake, kwa hivyo aliyekuwa 1500 alijikuta 1700, wa 1800 akawa 1880. Sakafu nayo, yaani retingi ya chini kabisa, ikawa 1400. Usiilinde hiyo namba. Nimeona watu wamekaa nje miaka mingine miwili wakiogopa kuipoteza, na hiyo ni huzuni kwa sababu ni namba ya mtu uliyekuwa, na ya mtu wa sasa utaijua tu ukicheza.

Klabu utaipata, Nairobi haina shida hiyo. Kuna za mabenki, kuna za vyuo, kuna za mitaa, na Chess Kenya ndio shirikisho, kurasa zao za mitandao zinatoa posta za tonamenti karibu kila mwezi. Fika siku moja kama mtazamaji, uliza nani anapanga timu ya ligi, atakuingiza kwa grupu ya WhatsApp na hapo utajua kila kitu. Uliza pia uanachama wa Chess Kenya unalipwa vipi mwaka huo ili usije ukazuiwa dakika ya mwisho. Ukiulizwa ubao gani kwenye timu (ule wa kwanza ni wa mchezaji mkali zaidi) omba wa chini, ama uanze divisheni ya chini ya ligi. Mara ya kwanza niliomba ubao wa pili kwa sababu ndio niliokuwa nao zamani, na timu ililipia kosa hilo mechi tatu mfululizo. Bado naumia nikikumbuka.

Sheria nazo zisome upya, na hapa usiseme unazijua. Simu: isiwe mfukoni hata ikiwa imezimwa, isipokuwa kanuni za tonamenti zimeruhusu iwekwe kwa begi ikiwa imezimwa kabisa, na hii ni pamoja na saa za mkononi za kisasa. Ikilia, kwa kawaida umepoteza gemu. Kucheza kwa mikono miwili, kwa mfano kwenye kasling, ile muvu ya mfalme na ngome pamoja, ama kula kipande, ukibonyeza saa inahesabiwa muvu haramu. Kubonyeza saa bila kucheza, vile vile. Ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika mbili, ya pili umepoteza. Kasling gusa mfalme kwanza, ukianza na ngome unalazimika kuisogeza hiyo ngome. Poni ikifika mwisho na hakuna malkia wa ziada karibu, simamisha saa uite refa akuletee, usigeuze ngome kichwa chini kama tulivyokuwa tukifanya zamani, hiyo ni ngome tu na itabaki ngome. Muvu inachezwa kwanza ndio inaandikwa. Isipokuwa ukitaka kudai droo kwa nafasi kujirudia mara tatu, hapo unaandika ile muvu bila kuicheza, unaita refa. Nilimwona mzee mmoja akiicheza kwanza halafu ndio anainua mkono, mpinzani akajibu muvu yake haraka, droo ikaenda na baadaye gemu ikaenda pia, na mzee alikuwa na haki kabisa ya hiyo droo.

Siku yenyewe fika nusu saa mapema, kwa sababu kwenye tonamenti nyingine saa ikianza na hauko kwa kiti umepoteza hapo hapo, na mvua ya Nairobi unaijua. Pering, yaani nani anacheza na nani, huwa zinawekwa kwenye tovuti ya chess-results, angalia usiku uliotangulia ujue ubao wako na rangi. Beba kalamu mbili, maji, ndizi na njugu. Mchana kula kidogo, ugali kubwa na nyama saa saba ni kulala kwenye raundi ya saa nane. Kama Jumapili asubuhi una kanisa uliza mapema kama kuna bai ya nusu pointi, yaani unaruka raundi na bado unapata nusu, tonamenti nyingi zinakubali ukiomba kabla.

Na watoto. Utapewa mtoto wa miaka tisa ambaye miguu haifiki chini, atakuita anko, retingi yake itakuwa chini yako kwa pointi mia mbili. Usiiamini hiyo retingi. Hawa watoto wanafundishwa kila wiki na wanakua haraka kuliko namba inavyoweza kuwafuata. Wengi wao wanacheza haraka sana, na usipokuwa mwangalifu utajikuta unacheza kwa mwendo wao. Keti juu ya mikono yako kama inabidi. Gemu ikiisha, umeshinda ama umeshindwa, mwombe mtoke nje muipitie pamoja, mwulize alikuwa anafikiria nini. Watakuambia kila kitu bila kuficha, na mimi nimejifunza kwao kuliko kwa mtu yeyote wa rika langu.

Ukifika nyumbani usiwashe injini kwanza, ile programu ya kompyuta inayochambua gemu. Chukua karatasi yako, tafuta ile muvu uliyotumia dakika nyingi kuliko zote, panga nafasi hiyo kwenye ubao, na uandike chini kwa maneno yako ulikuwa unaogopa nini pale. Halafu ndio uweke injini kama Stockfish.